Kutoka Elizabeth hadi Grafton: kuzifuata nyimbo za Cold Chisel

Jumamosi, Elizabeth

Shemeji yangu anaendesha lori la mizigo kati ya Adelaide na Sydney, na ndiye aliyenitia katika mambo haya. Alipofika Australia alikuta kila bohari anakopakia mizigo kuna redio, na siku haipiti bila redio hiyo kupiga Cold Chisel, bendi ya roki ya hukuhuku Australia. Kwanza alizoea, baadaye akapenda, mwishowe akawa ananipigia simu usiku kuniuliza kama nimewahi kuyasikiliza vizuri maneno ya nyimbo zile. Mwaka huu tumepatana likizo mwishoni mwa Oktoba, na tumeamua kuzifuata nyimbo hizo zilikotoka, kwa gari lake dogo, kuvuka majimbo matatu.

Tumeanzia Elizabeth, kaskazini mwa Adelaide. Mji huu ulianzishwa 1955, ukapewa jina la malkia wa Uingereza, ukajazwa familia za Waingereza na Waskoti waliovuka bahari kwa nauli ya pauni 10 kwa mtu mzima, nyingine ikilipwa na serikali. Ahadi ilikuwa nyumba yenye ua kwa mama na kazi ya kiwandani kwa baba. Kiwanda kikubwa kilikuwa cha magari ya Holden. Kilifungwa tarehe 20 Oktoba 2017, na leo tumepita mbele yake taratibu, shemeji akiwa kimya. Aliwahi kuchukua mizigo pale.

Hapa ndipo alipolelewa James Dixon Swan, mtoto wa Glasgow aliyeletwa Australia 1962 akiwa na miaka mitano. Baadaye alichukua jina la baba wa kambo, na dunia ikamjua kama Jimmy Barnes, mwimbaji wa Cold Chisel. Katika kumbukumbu za maisha yake alizozichapisha 2016 ameeleza waziwazi jinsi nyumba yao ilivyojaa pombe, ngumi na njaa, na jinsi watoto walivyojificha wakingoja wakubwa wachoke kupigana. Ukishayajua hayo, ile sauti yake ya kupasuka koo inabadilika masikioni. Kabla ya kusoma nilidhani ni mbwembwe za jukwaani. Sasa nasikia mtoto anayepaza sauti ili ajulikane yupo.

Wala hakuwa peke yake. Doc Neeson wa bendi ya The Angels, mzaliwa wa Belfast, na Glenn Shorrock aliyekuja kuimbia bendi ya Little River Band, wote walikulia mitaa hii. Mji mmoja wa wahamiaji wafanyakazi wa viwandani ulitoa waimbaji ambao nchi nzima iliwapigia magoti.

Mchana tumenunua unga katika duka la mama mmoja wa Kongo. Siku hizi Kiswahili cha Bukavu na Uvira kinasikika vizuri tu upande huu wa jiji. Alimwita shemeji "papa", mimi "kaka", akataka kujua tunatafuta nini Elizabeth. Shemeji akamwimbia kipande kidogo cha "Khe Sanh", wimbo wa Cold Chisel kuhusu askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Mama akacheka kwa furaha: "Mutoto yangu anaimbaka ile! Kila Ijumaa, akitoka kazi." Mtoto wake alizaliwa kambini, hajawahi kuiona Vietnam, na alijifunza wimbo kwa wenzake ghalani. Nimeandika hilo kwenye daftari kabla ya kitu kingine chochote.

Jumapili, Largs Bay

Largs Pier Hotel imesimama mbele ya bahari tangu 1882. Kwetu Kenya hoteli ni mahali pa chai na chapati. Huku majengo mengi ya baa yanaitwa hoteli kwa sababu sheria za zamani za leseni zilimtaka mwenye baa awe pia na vyumba vya wageni. Jambo hilo dogo la kisheria ndilo lililoacha kila mtaa wa Australia na jengo kubwa lenye ukumbi, kaunta ndefu na nafasi ya kuweka spika.

Sheria nyingine ilifanya kazi kubwa zaidi. Kwa karibu nusu karne baa zilifungwa saa kumi na mbili jioni. Wanaume walitoka kazini saa kumi na moja, wakawa na saa moja tu ya kunywa, na walikunywa kama mtu anayezima moto. Kuta ziliwekwa vigae ili zioshwe kwa maji. Hakuna aliyehitaji muziki katika saa moja ya namna ile. New South Wales iliacha utaratibu huo 1955, Victoria 1966, na jimbo hili la South Australia 1967. Ghafla jioni ikawa ndefu, kumbi zikawa tupu, na watoto waliozaliwa baada ya vita walikuwa wamefikia umri wa kutafuta mahali pa kwenda. Wenye baa wakaita bendi.

Cold Chisel ilizaliwa katika nafasi hiyo, mjini Adelaide, 1973. Don Walker kwenye kinanda, ambaye alikuwa amesomea fizikia. Ian Moss kwenye gitaa, kijana wa Alice Springs. Steve Prestwich kwenye dramu, mzaliwa wa Liverpool. Les Kaczmarek kwenye besi, ambaye nafasi yake ilichukuliwa na Phil Small. Na Barnes mbele, akiwa bado kijana wa miaka 17. Walipiga hapa Largs Pier mara nyingi. Mwimbaji Bon Scott naye, kabla bendi yake ya AC/DC haijajulikana nje ya Australia, alipita katika baa hizihizi.

Msomaji anayeikumbuka Nairobi ya Simba Wanyika na Les Wanyika ataelewa bila kuelezwa sana. Bendi inayopiga usiku baada ya usiku mbele ya watu waliochoka na kazi haiwezi kuwadanganya. Watu wako hatua mbili kutoka kwenye kipaza sauti. Wimbo ukiwa dhaifu wanageuka kuangalia kaunta, na mgongo wa mteja ni hukumu kali kuliko makala ya gazeti. Bendi nyingi zilijibu hali hiyo kwa kuongeza sauti tu. Hawa waliongeza sauti, na juu yake wakaongeza hadithi. Walker aliandika kuhusu watu walewale waliokuwa wamesimama mbele yake: mfungwa, dereva, msichana anayetoka hospitali, mtu aliyeachwa nje akitazama ndani.

Tumekaa barazani hadi jua likazama baharini. Shemeji amepiga picha chache, akamtumia dada yangu.

Jumatatu, Sturt Highway hadi Hay

Zaidi ya kilomita 600 leo, nyingi zake zimenyooka. Baada ya Balranald nchi inalala kabisa. Hakuna kilima, hakuna kichuguu, ni nyasi za kijivu na mbingu. Shemeji anaipenda sehemu hii. Anasema hapa ndipo mtu anapojua kama ana wimbo au hana.

Bendi zilipita njia kama hizi zikifuata kazi, Adelaide hadi Melbourne, Melbourne hadi Sydney, usiku wakipiga na mchana wakilala kwenye gari. Ukitazama ramani unaona kwa nini nyimbo zao nyingi zinahusu kuondoka. Leo tumesikiliza "Bow River" mara kadhaa. Huo ameutunga Ian Moss, na ni yeye anayeuimba mwanzoni kabla Barnes hajaingia kwa nguvu. Mwenye kusimulia ni mfanyakazi wa kiwandani anayehesabu siku hadi arudi kaskazini, kwenye joto na ardhi anayoijua. Gitaa la Moss halina haraka. Linazunguka kama mtu anayefunga mizigo huku akijua bado ana wiki za kungoja, kisha katikati ya wimbo linafunguka na kukimbia, na hapo hata mguu wa shemeji ulikuwa mzito kwenye mafuta. Nimemwambia apunguze.

Usiku huu, katika moteli ya Hay, nataka kuandika kuhusu "Khe Sanh", maana hiyo ndiyo sababu hasa ya mimi kuja.

Ulitoka Mei 1978, wimbo wao wa kwanza kabisa sokoni. Don Walker aliuandika akiwafikiria watu aliowajua. Anayesimulia ni askari aliyerudi kutoka Vietnam na hawezi kutulia. Anabadilisha kazi, anazunguka nchi, anatafuta nafuu katika dawa na katika miili ya wanawake asiowajua, na mwishowe anawaza tena kuruka kwenda Asia kwa sababu nyumbani hapamshiki. Wimbo unaanza kwa kinanda peke yake, na hauna kiitikio cha kawaida cha kurudiwarudiwa. Ni habari moja ndefu inayotembea tangu mwanzo hadi mwisho.

Wadhibiti waliupa alama ya kutofaa kupigwa hewani kwa sababu ya maneno kuhusu ngono na dawa za kulevya, na vituo vingi vya biashara havikuugusa. Kwenye chati ya taifa uliishia nafasi ya 41. Kwa hesabu ya soko ulikuwa umekufa.

Hapo ndipo baa zilipoufanyia kazi ambayo redio ilikataa. Watu waliusikia Ijumaa, wakarudi Ijumaa inayofuata wakiwa wanayajua maneno. Wakauimba kwenye karakana, migodini, kambini. Mwaka 2001 jumuiya ya watunzi, APRA, iliuweka nafasi ya 8 katika orodha ya nyimbo bora za Australia, na leo rekodi yake ni miongoni mwa sauti zinazotunzwa na hifadhi ya taifa. Wapo wanaoukosoa kwamba mapigano ya Khe Sanh ya 1968 yalikuwa ya kikosi cha Marine cha Marekani, na kwamba askari wa miguu wa Australia walipigania zaidi mkoa wa Phuoc Tuy. Ni kweli. Lakini wimbo haukuandikwa kama ripoti ya vita. Vita vyenyewe havielezwi karibu kabisa. Kinachoelezwa ni kurudi.

Fikiria pia miaka. Vijana wa miaka 20 walichaguliwa kwenda jeshini kwa bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa, mipira midogo ikitolewa kwenye pipa. Waaustralia wapatao 60,000 walihudumu Vietnam, zaidi ya 500 wakafa. Waliorudi walinyamaziwa, wengine wakatukanwa barabarani. Gwaride rasmi la kuwakaribisha nyumbani lilifanyika Sydney tarehe 3 Oktoba 1987. Wimbo ulikuwa umewatangulia kwa miaka tisa. Kabla serikali haijawaambia karibuni, vijana waliokunywa bia kwenye kumbi zenye moshi walikuwa tayari wameisimamia hadithi yao na kuiimba kwa sauti zote. Siwezi kulisema hilo bila moyo kunienda mbio.

Jumanne, Hay hadi Sydney

Narrandera, Wagga Wagga, kisha barabara kuu ya Hume na malori yake. Tumefika usiku. Samaki wa kukaanga, kulala.

Jumatano, Sydney

Asubuhi Kings Cross. Mkahawa wa Sweethearts, ambao Walker alikuwa akienda kunywa kahawa na kuandika, haupo tena. Albamu ya 1979, Breakfast at Sweethearts, imebeba jina lake, na wimbo wenye jina hilo una mwendo wa rege unaokokota miguu kama watu wa usiku wanaosubiri kukuche. Mtaa wa Darlinghurst sasa umetulia, una mikahawa safi na majengo ya fleti. Zamani ulikuwa wa makahaba, mabaharia na polisi wala rushwa. Walker aliishi humo akauandika bila kuupamba wala kuulaani, na hiyo ni heshima ambayo waandishi wengi hawakuutendea mtaa ule.

Tumetembea hadi ulipokuwa ukumbi wa Sydney Entertainment Centre. Ulivunjwa 2016, pamejengwa maduka na makazi. Hapo, Desemba 1983, Cold Chisel walipiga maonyesho yao ya kuagana. Yalipangwa kumalizika mapema zaidi, lakini sauti ya Barnes ilikatika wakalazimika kuahirisha. Bendi ilikuwa imechoka na imegombana. Prestwich alikuwa ameondolewa mwaka huohuo, akarudishwa ili wamalize pamoja. Albamu yao ya mwisho ya kipindi kile, Twentieth Century, ilitoka 1984 wakiwa wameshaachana.

Sidhani kama kuna bendi nyingine iliyofika kileleni ikakikasirikia hivi. Mwaka 1981, baada ya albamu ya East kuuza sana, walialikwa kupiga kwenye tuzo za Countdown zilizoonyeshwa na televisheni taifa zima. Walianza "My Turn to Cry", wakabadilisha maneno kuwasuta waandaaji na jarida lililodhamini tuzo, kisha wakavunja vyombo na jukwaa. Jarida lilikuwa halijawajali walipokuwa wakihangaika kwenye baa, na wao hawakuona sababu ya kulishukuru. Nimetazama picha zake mara nyingi. Kuna wanaoona utoto. Mimi naona watu waliokuwa na hakika nani aliwapa mkate.

Karibu na wakati huohuo wa wao kuachana, na kumbi zenyewe zilianza kupungua. Desemba 1982 polisi wa New South Wales walianza kuwapima madereva pombe bila mpangilio, na hilo limeokoa maisha ya watu wengi sana. Nalisema wazi, nikiwa nimeketi na mtu anayeishi barabarani. Lakini liliondoa mteja aliyekuwa akiendesha nusu saa kwenda kuisikia bendi. Majirani wapya wakalalamikia kelele. Mwaka 1997 baa za jimbo ziliruhusiwa mashine kamili za kamari, na mwenye baa akagundua kwamba ile pembe ya jukwaa ikiwekwa mashine haihitaji kulipwa wala kupewa bia. Jioni tumeingia baa moja ambayo mhudumu wake alituonyesha jukwaa lilipokuwa. Palikuwa na mazulia, taa za rangi, na wazee watano wakibonyeza vitufe bila kusemeshana. Hili linaniuma. Jukwaa lile lililipa watu kwa kusema kitu.

Alhamisi, Sydney

Mvua siku nzima. Shemeji amelala, haki yake. Mimi nimesikiliza Circus Animals ya 1982 kutoka mwanzo hadi mwisho, na nimeridhika kwamba Prestwich ndiye mtunzi anayesahaulika kuliko wote katika bendi hii. "Forever Now" ni wake. "When the War Is Over" ni wake. Walker ana maneno, Barnes ana koo, Moss ana vidole, lakini mpiga dramu huyu alikuwa na wororo ambao wengine hawakuwa nao. Alifariki Januari 2011, kwa uvimbe wa ubongo.

Ijumaa, Newcastle

Kilomita 160 hivi kaskazini. Mji wa makaa ya mawe, na hadi 1999 wa chuma pia. Tarehe 19 Septemba 1979 baa ya Star Hotel ilikuwa inafunga milango kwa mara ya mwisho, wateja wakiwa wamepewa taarifa ya siku chache tu. Watu kama 4,000 walijaa ndani na barabarani. Polisi walipotaka muziki usimamishwe, mambo yalilipuka. Magari ya polisi yalipinduliwa na kuchomwa, wazima moto wakageuza mabomba ya maji kuelekea umati. Vijana wengi hawakuwa na kazi, na baa ile ilikuwa sebule yao.

Magazeti yaliona wahuni. Don Walker aliandika wimbo, "Star Hotel", ukaingia kwenye albamu ya East mwaka uliofuata, na ndani yake anayesimulia ni kijana mwenyewe asiye na ajira, aliyejua kwamba hana cha kupoteza. Nimesimama nje ya eneo lile na shemeji akasema, "Hawa jamaa walikuwa wanasikiliza watu, shemeji. Wengine wote walikuwa wanawahesabu tu."

Usiku tumeenda baa ya mtaani karibu na bandari. Bendi ya wenyeji, watu wazima wenye kazi zao za mchana, ilipiga nyimbo za wengine. Nilikuwa nimesimama mwisho wa kaunta, kwa hiyo niliona vizuri kilichotokea kinanda kilipoanza ule mwanzo. Mhudumu, msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa anajaza glasi. Hakuinua kichwa. Midomo yake ilianza tu kutembea, neno kwa neno, na povu lilipofika ukingoni alifunga bomba bila kupitwa na hata silabi. Nyuma yake mpishi alitoka jikoni na taulo begani. Meza ya mafundi waliovaa fulana za kung'aa ilisimama yote. Kufika ubeti wa tatu mwimbaji alikuwa ameondoa mdomo kwenye kipaza sauti, akaacha ukumbi uimbe.

Mzee mmoja alitoka nje. Nilimkuta barazani nilipokwenda kupunga upepo. Nilimsalimu, nikamuuliza kama kelele zilimzidi. Akasema hapana. Alikuwa Vietnam 1969. Anafurahi kwamba wanauimba, akaniambia, anapenda hasa kwamba watoto wanaujua, ila yeye husikilizia nje, kwa sababu ndani watu wanarukaruka na yeye hawezi kuruka kwa wimbo ule. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akanipa mkono, tukasikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi, Armidale

Tumepanda bonde la Hunter katikati ya migodi ya wazi, tukapita Tamworth, tukafika nyanda za juu jioni. Hewa ni ya Limuru, koti lazima.

Mwaka 1974 bendi nzima ilihamia hapa kwa sababu Walker alikuwa anamalizia masomo Chuo Kikuu cha New England. Fikiria bendi changa yenye njaa ikiacha jiji kumfuata mpiga kinanda wake kwenye mji wa chuo, ili asome. Nadhani hapo walijifunza kuvumiliana kwa namna iliyowasaidia baadaye. Na hawakusahau. Ziara yao ya kuadhimisha miaka 50, Oktoba 2024, ilifunguliwa hapa Armidale, Charley Drayton akiwa kwenye dramu alikokaa Prestwich.

Jumapili, Grafton

Kilomita zipatazo 200 za kona, misitu na mteremko kupitia Ebor, kisha mto Clarence, mpana na wa rangi ya chai. Na mijakaranda. Kila mtaa umefunikwa zambarau, juu na chini, magari yamejaa maua. Mji una tamasha la miti hii tangu miaka ya 1930, na tumeingia katikati yake bila kupanga. Watu wa Nairobi wanaoijua Oktoba hawahitaji maelezo.

Don Walker alikulia hapa. Na hapa ndipo ulipo "Flame Trees" wa 1984, muziki wa Prestwich, maneno ya Walker. Mtu amerudi mji wake wa utotoni. Anakunywa na rafiki wa zamani, wanataja majina, kila pembe ina kumbukumbu ya msichana mmoja, na anajua hatakaa. Hakuna kinachotokea zaidi ya hapo. Kwa watu waliotoka mashambani kwenda mijini, huko Australia na kwingineko, hakuna wimbo unaokata karibu zaidi na mfupa.

Sasa, mimi na shemeji ni watu wa Thika, na hili ndilo lililonifanya nimkubalie aliponiambia twende. Miti ya moto ya wimbo huu haikutoka Grafton. Walker alilichukua jina kutoka mfululizo wa televisheni wa Uingereza wa 1981, The Flame Trees of Thika, uliotokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959 kuhusu utoto wake katika shamba la walowezi. Miti aliyoiandika Huxley ni kibobakasi, ule wenye maua mekundu kama vikombe, ambao watoto wa kwetu huchuma machipukizi yake yaliyojaa maji na kurushiana. Australia ina mti wake yenyewe wa moto, wa pwani ya mashariki, wa ukoo mwingine kabisa. Kibobakasi chetu kimefika Queensland pia, na huko serikali inakipiga vita kama mmea vamizi.

Kwa hiyo kijana wa Grafton, akitafuta namna ya kuandika kuhusu nyumbani, alikopa miti kutoka kwetu, kupitia macho ya mtoto wa mlowezi. Nimekuwa nikiliwaza hilo njia nzima. Shamba la Huxley lilikaa juu ya ardhi ya watu, na sitajifanya silijui. Lakini nikiusikiliza wimbo, walowezi hawamo. Kilichobaki ni rangi inayomkodolea macho dereva aliyechoka anaporudi kwao, na rangi hiyo naijua kutoka barabara ya Garissa. Nimeamua naupokea. Shemeji yeye hakuhitaji kuamua. "Ni wetu nusu," amesema, "na nusu yao wameitunza vizuri."

Alasiri baa moja karibu na mto ilikuwa na bendi ya vijana wa hapa, wasichana wawili na wavulana wawili, wakipiga nyimbo zao wenyewe. Kiingilio kilikuwa dola kumi, watu hawakufika ishirini. Mpiga besi alikuwa akitazama vidole vyake. Wimbo wao wa tatu ulihusu mafuriko: maji yanaingia sebuleni, bibi anakataa kuondoka bila kuku wake, jirani anakuja na mashua. Walipofika kwa yule bibi, mzee aliyekuwa anatazama mbio za farasi kwenye runinga aligeuza kiti chake akawaelekea. Hakugeuka tena.

Walipomaliza shemeji alikwenda kuwauliza kama wana rekodi. Hawana bado, wanakusanya pesa za studio. Amewaachia dola hamsini na namba yake ya simu, akawaeleza kwamba wakipata kazi Adelaide, lori lake hurudi tupu kila wiki ya pili na lina nafasi ya dramu na spika zote. Msichana anayeimba ameandika namba hiyo kwenye mkono wake, kisha akaiandika tena kwenye karatasi. Wiki ijayo wanapiga Lismore.